Upunguzaji wa fedha za huduma za dharura za afya ya akili nchini Marekani

Upunguzaji wa fedha za huduma za dharura za afya ya akili nchini Marekani ni hatua ambazo serikali ya shirikisho, serikali za majimbo na halmashauri za miji nchini humo zimechukua kwa nyakati mbalimbali ili kupunguza au kuondoa fedha za kuwasaidia watu waliofikwa na shida kali ya akili kwa ghafla. Huduma zinazohusika ni pamoja na simu za msaada, vikosi vya wahudumu wanaomfuata mhitaji alipo, na vituo vya kumpokea kwa saa au siku chache.

Suala hili limejadiliwa tangu miaka ya 1980, na lilirudi kwa nguvu mwaka 2025. Historia yake inaonyesha kwamba fedha zinapoondolewa, wahitaji hubaki palepale na shida yao. Hupelekwa kwenye idara za dharura za hospitali, kwa polisi au mahabusu, ambako gharama hulipwa kutoka mfuko mwingine.

Maana ya dharura ya afya ya akili

Dharura ya afya ya akili ni hali ambayo hisia, mawazo au mwenendo wa mtu umefikia kiwango cha kuhatarisha maisha yake au ya wengine, au cha kumfanya ashindwe kujitunza. Mifano yake ni mawazo mazito ya kujiua, kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, hofu kali isiyotulia, na kuchanganyikiwa kutokana na dawa za kulevya.

Dharura ya namna hii haiwezi kusubiri miadi ya mwezi ujao. Hata hivyo, mara nyingi makali yake hupungua baada ya saa au siku chache, ikiwa mtu atapata wa kumsikiliza na mahali salama, na akawekwa mbali na vitu vya kujidhuru. Kwa sababu hiyo msaada mdogo unaofika mapema unaweza kuokoa maisha. Nchini Marekani zaidi ya watu 49,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2022, na idadi ilizidi 49,000 tena mwaka 2023.

Mwaka 2020 SAMHSA, ambayo ni taasisi ya serikali ya shirikisho inayosimamia masuala ya afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya, ilitoa mwongozo unaotaja nguzo tatu za huduma ya dharura:

1. Mtu wa kuzungumza naye: laini ya simu inayojibiwa usiku na mchana na wanasihi waliofunzwa.
2. Mtu wa kuja: kikosi kinachomfuata mhitaji nyumbani, shuleni au barabarani.
3. Mahali pa kwenda: kituo kinachompokea mhitaji bila miadi na kumtuliza kabla ya kumruhusu au kumpeleka hospitali.

Nguzo hizo zinategemeana. Mnasihi wa simu anayeona kwamba mpigaji anahitaji kufuatwa, lakini hana kikosi cha kumtuma, hubaki na njia moja tu: kuwaita polisi.

Historia

Kutoka hospitali kubwa hadi vituo vya jamii

Katikati ya karne ya 20 wagonjwa wengi wa akili nchini Marekani waliwekwa katika hospitali kubwa za majimbo. Mwaka 1955 hospitali hizo zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Baadaye idadi hiyo ilishuka kwa sababu kadhaa: dawa mpya kama klopromazini, habari za mateso ya wagonjwa katika baadhi ya hospitali, na nia ya majimbo ya kupunguza gharama.

Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii. Lengo lilikuwa kwamba mtu aliyetoka hospitalini apate huduma karibu na nyumbani, zikiwemo huduma za dharura. Kati ya vituo 1,500 vilivyokusudiwa, takriban nusu tu vilijengwa. Fedha za shirikisho zilikuwa za kuanzishia, na zilipokwisha vituo vingi vilikosa mlipaji wa kudumu.

Mwaka 1965 ulianzishwa mpango wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato cha chini. Mpango huo uliwekewa sharti la kutolipia matibabu ya watu wazima walio chini ya umri wa miaka 65 katika hospitali za akili zenye vitanda zaidi ya 16. Sharti hilo liliyapa majimbo sababu nyingine ya kupunguza vitanda.

Mwezi Oktoba 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuimarisha vituo vya jamii. Sheria hiyo haikudumu hata mwaka mmoja. Tarehe 13 Agosti 1981 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya bajeti iliyofuta sehemu kubwa ya sheria ya Carter. Ruzuku zilizokuwa zikienda moja kwa moja kwa vituo ziliunganishwa kuwa ruzuku moja ya jumla kwa kila jimbo, na kiasi chake kilikuwa pungufu kwa karibu robo. Kuanzia hapo kila jimbo lilijiamulia ni kiasi gani kiende kwenye afya ya akili ya jamii.

Mdororo wa uchumi wa 2008

Karibu majimbo yote ya Marekani yanatakiwa kisheria kuwa na bajeti isiyozidi mapato. Mdororo wa uchumi ulioanza mwishoni mwa 2007 ulipopunguza mapato ya kodi, majimbo yalikata matumizi. Kati ya miaka ya fedha 2009 na 2012 zaidi ya dola bilioni 4 ziliondolewa katika bajeti za afya ya akili za majimbo. Makato hayo yalikuja wakati ambapo watu wengi walikuwa wamepoteza kazi na nyumba, na mahitaji ya msaada yalikuwa yakiongezeka.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni jiji la Chicago. Mwaka 2012, chini ya Meya Rahm Emanuel, jiji lilifunga kliniki 6 kati ya 12 za afya ya akili ilizokuwa nazo. Akiba iliyotarajiwa ilikuwa kati ya dola milioni 2 na 3 kwa mwaka. Wagonjwa na watetezi wao waliandamana na kuikalia kliniki ya mtaa wa Woodlawn, lakini uamuzi haukubadilishwa. Baadhi ya wagonjwa walilazimika kusafiri hadi mitaa ya mbali, na wengine wakaacha matibabu. Mwaka 2024 Meya Brandon Johnson alitangaza mpango wa kuanza kuzirudisha huduma hizo, ikiwemo kufungua tena kliniki ya mtaa wa Roseland.

Namba 988

Kuanzia mwaka 2005 Marekani ilikuwa na laini ya taifa ya kuzuia kujiua yenye namba ndefu ya tarakimu kumi. Mwaka 2020 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka namba fupi ya 988, na Rais Donald Trump aliitia saini mwezi Oktoba mwaka huo. Namba ilianza kutumika kote nchini tarehe 16 Julai 2022, wakati wa Rais Joe Biden.

Anayepiga 988 huunganishwa na kimojawapo cha vituo zaidi ya 200 vilivyo katika majimbo. Kituo cha karibu kikishindwa kupokea, simu huhamishiwa kituo cha akiba cha kitaifa. Katika miaka miwili ya kwanza namba hiyo ilipokea simu na ujumbe zaidi ya milioni 10. Serikali ya shirikisho iliwekeza karibu dola bilioni 1.5 katika kipindi cha mwanzo, lakini gharama za kila siku za vituo ziliachiwa kwa sehemu kubwa majimbo yenyewe.

Hatua za 2025 na 2026

Mwezi Machi 2025 Wizara ya Afya ya Marekani ilitangaza kusitisha ruzuku za takriban dola bilioni 11 zilizotolewa kwa majimbo wakati wa janga la UVIKO-19. Kati ya hizo, takriban dola bilioni 1 zilipitia SAMHSA na zilitumika katika huduma za afya ya akili na uraibu. Majimbo 23 pamoja na Washington, D.C. yalifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Rhode Island, na tarehe 3 Aprili mahakama ilizuia usitishaji huo kwa muda. Mwezi huohuo Wizara ya Elimu ilitangaza kutoendeleza ruzuku za takriban dola bilioni 1 za wanasihi wa shule.

Tarehe 17 Julai 2025 ilifungwa huduma ya 988 iliyopatikana kwa kubonyeza namba 3. Huduma hiyo ilikuwa ya vijana wa LGBTQ+, yaani wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, waliobadili jinsia na makundi yanayohusiana nao. Tangu ilipoanza kwa majaribio mwaka 2022 ilikuwa imepokea simu na ujumbe karibu milioni 1.3. SAMHSA ilieleza kwamba fedha za mwaka huo, zaidi ya dola milioni 33, zilikuwa zimekwisha, na kwamba wote wangehudumiwa kwa pamoja. Shirika la Trevor Project, mojawapo ya mashirika yaliyokuwa yakijibu simu hizo, lilipinga likisema kundi hilo lina hatari kubwa ya kujiua kuliko vijana wengine. Huduma ya maveterani wa jeshi kwa kubonyeza namba 1 na ya Kihispania kwa kubonyeza namba 2 ziliendelea.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria ya kodi na bajeti inayopunguza matumizi ya Medicaid katika miaka kumi inayofuata. Mpango huo ndio mlipaji mkubwa kuliko wote wa huduma za afya ya akili nchini Marekani.

Katikati ya Januari 2026 SAMHSA iliyaandikia mashirika mengi kwamba ruzuku zao, zenye jumla ya karibu dola bilioni 2, zimesitishwa. Siku moja baadaye uamuzi huo ulifutwa. Tukio hilo lilionyesha jinsi vituo vinavyotegemea ruzuku visivyoweza kupanga kazi kwa uhakika hata pale fedha zinaporudishwa.

Mfano wa Eugene

Mji wa Eugene katika jimbo la Oregon ulijulikana kwa kikosi cha CAHOOTS, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kliniki ya White Bird. Kikosi kilikwenda kwa gari dogo kikiwa na watu wawili: muuguzi au mhudumu wa huduma ya kwanza, na mhudumu wa dharura za akili. Hawakubeba silaha. Simu zilizopigwa kwa polisi au namba ya dharura 911 zilichambuliwa, na zile zisizohusu uhalifu zilielekezwa kwao. Waliwasaidia watu wenye mawazo ya kujiua, waliolewa, wasio na makazi na waliogombana nyumbani, na waliomba polisi waje mara chache sana.

Kabla ya janga la UVIKO-19 kikosi kilipokea miito ipatayo 24,000 kwa mwaka kwa gharama ya takriban dola milioni 2. Bajeti za polisi za Eugene na mji jirani wa Springfield kwa pamoja zilikuwa takriban dola milioni 90. Baada ya mauaji ya George Floyd mwezi Mei 2020, miji mingi ilituma wajumbe kujifunza kutoka Eugene.

Pamoja na sifa hizo, kikosi kilikuwa na tatizo la fedha. Kilitegemea mkataba na mji, michango, na malipo ya bima ambayo hayakugharimia kazi zake zote. Kumpeleka mtu kwenye makazi ya usiku, kumpa viatu au kukaa naye hadi atulie ni kazi ambazo ni vigumu kuziandikia hati ya madai. Kliniki ilipokumbwa na upungufu wa fedha, huduma ya CAHOOTS ndani ya Eugene ilikoma tarehe 7 Aprili 2025, ikiwa imedumu zaidi ya miaka 35.

Sababu za fedha hizi kupunguzwa kwa urahisi

Sababu ya kwanza ni gharama ya kuwa tayari. Huduma ya dharura inafanana na kikosi cha zimamoto: hulipwa hata siku ambayo hakuna moto. Juma lina saa 168, na mfanyakazi mmoja hufanya kazi saa 40. Kiti kimoja kisichokaa wazi usiku wala mchana kinahitaji wafanyakazi wanne na ziada, na ukihesabu likizo na ugonjwa wanafika watano. Kituo chenye viti viwili kikipoteza wafanyakazi watano, mpigaji wa pili kwa wakati mmoja hana wa kumjibu. Wakaguzi wa bajeti wanaotazama saa za kusubiri huziona kama saa za bure, ingawa ndizo zinazofanya simu ijibiwe mara moja.

Sababu ya pili ni kwamba mafanikio yake hayaonekani. Kliniki ya chanjo huhesabu chanjo ilizotoa. Mtu aliyepiga simu usiku na asubuhi akaenda kazini hahesabiwi popote kama maisha yaliyookolewa.

Sababu ya tatu ni kwamba anayeokoa fedha mara nyingi siye anayelipa hasara. Jiji linalofunga kliniki huona akiba katika vitabu vyake. Gharama ya mahabusu hulipwa na kaunti, ya matibabu hulipwa na hospitali au Medicaid, na ya mazishi hulipwa na familia.

Sababu ya nne ni aina ya fedha zenyewe. Huduma nyingi huendeshwa kwa ruzuku za mwaka mmoja hadi mitatu. Kuacha kuhuisha ruzuku ni rahisi kuliko kufuta sheria.

Mwisho ni unyanyapaa. Wagonjwa wa akili na familia zao mara nyingi huogopa kujitokeza hadharani kudai haki zao, na wengi wao ni maskini.

Athari

Simu ya msaada na kikosi cha dharura vinaweza kufungwa kwa uamuzi wa bajeti, lakini kuna milango ambayo kisheria haifungiki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara za dharura kumpima na kumtuliza kila anayefika, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba kumnyima mfungwa matibabu kwa makusudi ni kukiuka katiba. Polisi nao kwa kawaida huitikia miito ya hatari. Kwa hiyo wahitaji wanaokosa huduma nafuu huishia kwenye huduma hizi tatu, ambazo ni ghali zaidi na hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Katika hospitali, wagonjwa wa akili hukaa kwa saa nyingi au siku kadhaa kwenye idara ya dharura wakisubiri kitanda. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Washington iliamua kwamba kuwashikilia wagonjwa kwa njia hiyo kwa sababu tu ya uhaba wa vitanda ni kinyume cha sheria.

Kwa upande wa mahabusu, zile za kaunti ya Los Angeles, kaunti ya Cook mjini Chicago na Rikers Island mjini New York hutajwa kuwa miongoni mwa sehemu zinazohifadhi wagonjwa wengi zaidi wa akili nchini humo.

Kwa upande wa polisi, kumbukumbu zilizokusanywa na gazeti la Washington Post kuanzia mwaka 2015 zinaonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano waliouawa kwa risasi za polisi alikuwa na dalili za ugonjwa wa akili.

Athari nyingine huwapata wahudumu. Wanasihi waliofunzwa kwa miezi kadhaa wakiachishwa kazi hutafuta kazi nyingine, na fedha zikirudi baadaye kituo hulazimika kuanza kufunza upya.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono upunguzaji husema kwamba fedha za janga la UVIKO-19 zilikuwa za muda na zilipaswa kukoma. Wengine husema kwamba baadhi ya huduma zinarudiana, kwamba majimbo na miji ndiyo yanayojua mahitaji ya watu wao, na kwamba fedha zitolewe kwa huduma zenye matokeo yaliyopimwa.

Wanaopinga hujibu kwamba majimbo maskini hayawezi kuziba pengo, na kwamba matokeo hayawezi kupimwa katika huduma inayofungwa kabla ya kukomaa. Hutaja pia utafiti uliofanyika Denver, jimbo la Colorado, kuhusu kikosi cha STAR kilichoanza mwezi Juni 2020. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba taarifa za makosa madogo zilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyohudumiwa, na kwamba gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kushughulikia makosa hayo kwa njia ya polisi na mahakama.

Njia za kupata fedha za kudumu

Sheria ya 988 inayaruhusu majimbo kutoza ada ndogo kwenye kila laini ya simu, kama inavyofanyika kwa namba 911. Virginia, Washington, Colorado na Nevada yalikuwa ya kwanza kufanya hivyo mwaka 2021. Katika jimbo la Washington ada ilianza kwa senti 24 kwa mwezi, ikapandishwa hadi senti 40 mwaka 2023. Kufikia mwaka 2025 takriban majimbo kumi tu yalikuwa na ada hiyo, wakati ada ya 911 hutozwa karibu nchi nzima.

Njia nyingine ni Medicaid. Sheria ya mwaka 2021 ya kukabiliana na athari za UVIKO-19 ililipa majimbo asilimia 85 ya gharama za vikosi vya dharura kwa miaka mitatu, kwa huduma zilizotimiza masharti. Majimbo mengi yalianzisha vikosi kwa msaada huo. Baada ya miaka hiyo kila jimbo hurudia kiwango chake cha kawaida cha mchango wa shirikisho, na hapo hulazimika kuchagua kati ya kuongeza fedha zake na kupunguza vikosi. Vituo vya jamii vilivyoanzishwa kwa sheria ya 1963 vilikabiliwa na uchaguzi uleule fedha za kuanzishia zilipokwisha.

Tazama pia

Afya ya akili
Kujiua
Sonona
Bima ya afya
Unyanyapaa